Shing'weng'we na Kitabu cha Pamba

Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani, kijiji kilicho nje kidogo ya mji wa Bariadi, nikiwa na binti yangu wa miaka sita. Katika begi lake alikuwa amepakia vitabu vinne vya hadithi, viwili kati yake vimechakaa hadi vimeshonwa upya kwa uzi. Usiku wa kwanza umeme ulikatika saa mbili na nusu, jambo ambalo halikumshangaza mtu yeyote isipokuwa yeye. Alichukua kitabu kimoja, akaenda kuketi kwenye mkeka wa bibi yake, akakiweka magotini pake na kumwambia, "Bibi, leo nisomee wewe."

Mama yangu alikishika kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea sahani ya moto. Akasema macho yake hayawezi tena herufi ndogo, hasa kwa mwanga wa tochi ya simu. "Mpe kaka yako akusomee."

Kaka aliyetajwa ni mtoto wa mdogo wangu. Ana miaka tisa, na alikuwa amefunga shule baada ya kumaliza darasa la tatu. Alikipokea kitabu, akautazama ukurasa wa kwanza kwa muda mrefu, kisha akaanza. Hakuwa akisoma, alikuwa akiitazama picha ya kuku na kubuni maneno ya kuifaa. Binti yangu, ambaye kitabu kile amekihifadhi kichwani neno kwa neno, alimkatiza. "Sivyo kilivyoandikwa," alisema, na kwa ukatili ule wa watoto wasiojua kuwa ni wakatili, akaisoma sentensi kama ilivyo. Mvulana alifunga kitabu taratibu, akakirudisha, akasema anakwenda kuwaangalia mbuzi. Ilikuwa saa tatu usiku, na mbuzi walikwisha kufungiwa tangu magharibi.

Sikusema neno. Mimi ndiye baba yake mkubwa, na mimi ndiye mhadhiri wa ukoo.

Ndugu msomaji, kwa kazi yangu nimezizoea takwimu. Nimesimama mara nyingi mbele ya wanafunzi wa chuo na kuwaeleza tathmini za Uwezo, zile zilizoanza kufanywa nyumba kwa nyumba mwaka 2010 na kuonyesha kwamba takriban watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Nimewaeleza mtaala wa mwaka 2015 wa madarasa mawili ya mwanzo, uliopunguza masomo ili mtoto ashughulike kwanza na kusoma, kuandika na kuhesabu. Nimewaeleza Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka huo huo, uliofuta ada na michango ya lazima na kuyajaza madarasa yetu. Yote hayo niliyaeleza kwa utulivu. Takwimu haiinuki mkekani ikasingizia mbuzi.

Usiku wa pili mama alituamuru tuzime tochi, akisema betri ni ya kuhifadhi. Kisha gizani akaita, "Kalagu!" Wajukuu watano waliokuwa uani wakajibu kwa sauti moja, "Kize!" Baada ya vitendawili vitatu au vinne akaingia kwenye ngano ambayo kila mtoto wa Kisukuma wa rika langu aliilalia: ngano ya Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wa nchi nzima pamoja na ng'ombe wao, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Mwanamke yule akamzaa Masala Kulangwa, jina linalobeba maana ya akili inayofahamu upesi. Mtoto akakua, akaanza kuuliza: mama, watu wengine wako wapi? Alipoambiwa habari ya zimwi akatoka kulitafuta. Akarudi na panzi, akauliza, mama, ndiye huyu? Akarudi na ndege. Akarudi na mnyama mkubwa zaidi. Kila mara mama akamjibu kwamba siye, na kila mara akatoka tena.

Binti yangu hajui Kisukuma. Hilo ni kosa langu, nitalirudia baadaye. Alikaa kimya akizisikiliza sauti tu, mpaka yule yule mvulana wa jana alipoinama sikioni mwake na kuanza kumtafsiria kwa mnong'ono, sentensi baada ya sentensi, bila kupitwa na bibi yake. Kesho yake mchana nilimsikia chini ya mwembe akimsimulia upya yote, kwa Kiswahili, kwa sababu binti alikuwa amesinzia kabla ya mwisho. Hakuchanganya mpangilio wa wanyama. Zimwi alilipa sauti yake na mama sauti yake. Alipofika pale Masala Kulangwa anapolipasua tumbo la Shing'weng'we na watu kutoka wakiwa hai, hakusahau kwamba kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani, na kwamba bibi yule alitoka na hasira badala ya shukrani, ikabidi shujaa atafute dawa ya kumponya. Hapo alisimama kwa muda, akacheka, akasema, "Huyo bibi ana haki, lakini si sana."

Nilikaa na sentensi ile siku nzima. Nina wanafunzi wa mwaka wa pili ambao hawajawahi kuniandikia tathmini ya mhusika iliyo fupi na kamili kiasi hicho. Na huyu ndiye mtoto ambaye katika orodha yoyote ya kitaifa angehesabiwa miongoni mwa wasiojua kusoma. Ni kweli hajui. Lakini kila kitu ambacho kusoma hukihitaji kabla ya herufi, anacho: kumbukumbu ya mfuatano, masikio yanayotofautisha sauti, subira ya kungoja mwisho, ujasiri wa kumhukumu mhusika. Bibi yake amempa, usiku baada ya usiku, bila kujua kuwa anafundisha. Kinachokosekana ni mtu mmoja wa kumwonyesha kwamba mambo yale yale hukaa pia kwenye karatasi.

Kwa nini mtu huyo hakuwepo? Sitaki kumlaumu mwalimu mwenye watoto zaidi ya mia darasani. Nataka kurudi nyuma zaidi, hadi kwenye kitabu cha kwanza kuingia nyumbani kwetu.

Kitabu hicho kilihusu pamba. Kati ya mwaka 1968 na 1972 mikoa ya Kanda ya Ziwa, ukiwemo Shinyanga ambao ndani yake Bariadi ilikuwamo wakati huo, ilikuwa uwanja wa mradi mkubwa wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, ulioendeshwa na Serikali pamoja na UNESCO, makao yake yakiwa Mwanza. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wazo la mradi lilikuwa la busara: mkulima ajifunze herufi kupitia kazi yake, wa pamba kwa pamba, wa migomba kwa migomba, mvuvi kwa samaki. Mama yangu, mke kijana wakati huo, alijifunza kusoma hivyo. Hadi leo anaikumbuka picha ya mwanamke anayepalilia kwa mistari iliyonyooka, na anakumbuka kwamba sentensi ya kwanza aliyoisoma peke yake maishani ilihusu kung'oa na kuchoma maotea baada ya mavuno.

Siubezi mradi ule. Ulimpa mama saini yake badala ya kidole gumba, ukampa uwezo wa kuhakiki uzito ulioandikwa na karani wa mizani, na katika nchi ya pamba hilo si jambo dogo. Lakini tazama kilichofuata. Kwetu kusoma kuliingia mlangoni kama chombo cha kazi, na hakikuwahi kupewa cheo kingine. Baada ya pamba kilikuja kitabu cha shule, ambacho nacho ni chombo cha mtihani. Shing'weng'we alibaki nje, kwenye shikome, ule moto wa jioni ambapo wazee walikaa na vijana. Kitabu kikabaki ndani, kabatini, kimefungwa kwa ufunguo ili watoto wasikichafue. Katika utoto wangu wote hapakuwa na mtu aliyefikiri kwamba viwili hivi vingeweza kukutana, si kwa sababu ya ujinga, bali kwa sababu hakuna kitabu kilichowahi kutuletea kitu cha kucheka.

Mkoa wa Simiyu ulipozaliwa mwaka 2012 ulirithi mazoea hayo. Na katika mazoea hayo umefanya makubwa. Kambi zetu za kitaaluma, ambapo wanafunzi wa madarasa ya mitihani hukusanywa na kufundishwa kwa pamoja na walimu mahiri, zilisifiwa nchi nzima, na mkoa ukapanda ngazi katika matokeo ya taifa. Maswa vijana wakaanzisha kiwanda cha chaki. Mkoa wetu ukawa unatengeneza kwa mikono yake kile ambacho mwalimu anaandikia. Ninajivunia mambo yote mawili. Ila kambi humpokea mtoto akiwa na miaka kumi na tatu, kumi na saba, wakati tayari amekwisha kuamua moyoni kama kitabu ni rafiki au ni adhabu. Uamuzi ule hufanyika mapema sana, na hufanyika usiku, kwenye mkeka, na hakuna afisa elimu anayekuwepo.

Wenzetu wamelitambua hili kwa njia ya kitabibu. Mwaka 1989 madaktari wa watoto katika hospitali moja ya umma mjini Boston, Marekani, walianza kuwapa wazazi maskini kitabu cha picha kila walipomleta mtoto kliniki, pamoja na maelezo mafupi ya namna ya kumsomea. Uingereza wakaanza mpango unaofanana na huo mjini Birmingham mwaka 1992. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilitoa rasmi ushauri kwamba mtoto asomewe kwa sauti tangu anapozaliwa. Hawakusema hivyo kwa sababu ya utamaduni wao wa vyumba vya watoto na taa za kando ya kitanda. Walisema hivyo kwa sababu ubongo wa mtoto hukua kwa kasi kubwa katika miaka ya mwanzo, na kwa sababu lugha ya kitabuni si lugha ya jikoni. Hapa nyumbani mtoto husikia "njoo", "acha", "lete maji", "utapigwa". Kitabuni hukutana na "huzuni", na "ghafla", na "ingawa". Mtoto aliyekwisha kulisikia neno "ingawa" mara mia likitoka kinywani mwa baba yake, akiwa amemwegemea ubavuni, hatalihofia atakapokutana nalo kwenye mtihani. Tena amejifunza, bila somo, kwamba maandishi huenda kutoka kushoto kwenda kulia, kwamba ukurasa hufunuliwa, kwamba yale madoa meusi ndiyo yanayosema.

Kuna faida nyingine ambayo madaktari hawaitaji sana, lakini sisi wa siasa na jamii hatuna budi kuitaja. Hadithi ya usiku ni mahali pekee katika malezi yetu ambapo mtoto anaruhusiwa kumkatiza mkubwa. Shambani hakatizi. Darasani hakatizi. Mbele ya wageni hata hazungumzi. Lakini gizani, katikati ya ngano, anaweza kuuliza kwa nini yule bibi alikasirika, na mkubwa analazimika kujibu, la sivyo hadithi haiendelei. Masala Kulangwa mwenyewe ni shujaa wa kuuliza kabla ya kuwa shujaa wa kisu. Alikosea mara kadhaa, akarudi na panzi, na mama yake hakumcheka wala kumchapa. Alimwambia siye, nenda ukatafute. Tunapolalamika vyuoni kwamba vijana wetu hawaulizi maswali, kwamba mtumishi wa umma anasaini asichokisoma, tunamtafuta mchawi mbali sana.

Sasa lile kosa langu. Binti huyu ni mtoto wangu wa mwisho. Kifungua mimba wangu yuko kidato cha tano. Katika miaka yake ya mkekani mimi nilikuwa nikiandika tasnifu. Nilikuwa nikirudi nyumbani amelala, na siku niliyowahi nilimwambia asinisumbue, nasoma. Niliyasema maneno hayo hayo: nasoma. Aliniona nimezungukwa na vitabu kila siku, na hakuna hata kimoja kilichofunguliwa kwa ajili yake. Leo ni mwanafunzi mzuri, anafaulu, na hasomi kitu chochote kisichokuwa na mtihani mwisho wake. Mwaka juzi nilimpa riwaya, akaniuliza kwa heshima kabisa, "Baba, hii inatoka?" Inatoka, maana yake, kwenye mtihani. Kwa huyu wa mwisho nilijirekebisha. Nikanunua vitabu, nikasoma kila usiku niliokuwa nyumbani. Lakini nilisoma kwa Kiswahili peke yake, nikidhani kwamba Kisukuma kitajileta chenyewe. Hakikujileta. Nikamnyima bibi yake.

Kwa hiyo kwenye mkeka ule wa Desemba walikaa watoto wawili, kila mmoja na nusu yake, na mimi nilikuwa na mkono katika upungufu wa wote wawili.

Siku ya nne niliingia mjini Bariadi kumtafutia mvulana kitabu. Niliingia maduka matatu ya vifaa vya shule. Nilikuta madaftari, kalamu, mabegi, na rafu nzima ya mitihani iliyopita pamoja na majibu yake. Kitabu cha hadithi cha mtoto sikukiona. Muuzaji wa duka la tatu, kijana mwungwana, alinishikamoo kisha akaniuliza kitabu hicho ni cha somo gani.

Si kwamba nchi hii haina vitabu. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania upo tangu mwaka 1991, na kwa miaka mingi uliwasaidia wachapishaji kwa kununua sehemu ya nakala zao na kuzipeleka shuleni. Tuna waandishi na wachoraji wa watoto wanaostahili kusomwa popote. Na tuna sera: Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inataja ujifunzaji wa awali na malezi yenye mwitikio bega kwa bega na afya, lishe na usalama. Maneno ni mazuri. Ila kadi ya kliniki ya mjukuu mdogo wa mama niliikagua usiku ule: uzito upo, chanjo zipo, tarehe ya kurudi ipo. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia mama wa mtoto yule amsimulie chochote.

Ningekuwa mkurugenzi wa halmashauri ningeanzia hapo, kliniki, kwa sababu ndipo mahali ambapo karibu kila mama hufika na kungoja kwenye benchi. Kitabu kimoja cha picha, chenye maneno machache kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, na muuguzi wa kusema sentensi mbili. Kisha ningekwenda kwenye vyama vya msingi vya ushirika. Msimu wa ununuzi wa pamba ukifunguliwa mwezi Mei, baba mwenye fedha mfukoni husimama ghalani. Hapo wafanyabiashara humuuzia redio, baiskeli, simu na vitenge. Na awepo mtu mwenye katoni la vitabu vya hadithi. Asiyejua kusoma naye asiogope: asimulie, mtoto aangalie picha, shule itamalizia. Kubwa ni sauti yake, na dakika kumi ambazo simu imezimwa.

Haya ni ya mkurugenzi. Mimi nilikuwa na siku tatu tu kabla ya kuondoka, na sikuwa na kitabu. Nikachukua daftari kubwa, nikamwita mvulana chini ya mwembe, nikamwambia anisimulie Shing'weng'we, mimi nitaandika. Alidhani ni mchezo. Aliposema, niliandika kwa herufi kubwa, sentensi moja kila ukurasa, maneno yake yeye kama alivyoyatoa, Kiswahili juu na Kisukuma chini. Binti yangu alichora. Zimwi alilichora na miwani, sijui kwa nini. Nilipofika mwisho nilikuwa nimechoka mkono, nikafupisha.

Usiku wa mwisho umeme ulikuwepo. Mama aliketi mahali pake, binti akamwegemea, na daftari likawekwa magotini mwa mvulana. Alianza polepole, kidole chini ya kila neno, na kila alipokwama nilimwona akirudi kwenye kumbukumbu yake kulitafuta neno, akilipata, kisha akilitazama karatasini kwa mshangao kama mtu aliyekuta nguo yake kwenye kamba ya jirani. Alimsoma mwanamke wa kwenye makapi. Akamsoma panzi. Mama alikuwa akisogeza midomo pamoja naye. Alipofika ukurasa wa mwisho alisita, akarudi nyuma ukurasa mmoja, akasonga mbele tena, akakunja uso.

"Baba mkubwa," alisema, "sivyo. Umeruka sikio la bibi."

Akanyoosha mkono akitaka kalamu.